Nimempata mwalimu aliyenifundisha kuandika, lakini hataki apatikane

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 38, nimeolewa, nina watoto wawili. Kazi yangu ni afisa utumishi katika halmashauri moja ambayo naomba nisiitaje. Kazi nimeitanguliza makusudi, utaona sababu mbele.

Darasa la kwanza nilianza mwaka 1994, shule ya kijijini wilaya ya Kondoa. Tulikuwa watoto themanini na kitu kwa madawati kumi na mawili, tuliobaki tulikalia matofali. Kengele ilikuwa ringi ya lori iliyoning'inizwa mtini. Asubuhi mchakamchaka, halafu ukaguzi wa kucha, halafu kila mmoja anaonyesha fagio lake au dumu lake la maji. Mwalimu wetu wa darasa la kwanza na la pili nitamwita Mwalimu S. Nikihesabu sasa, alikuwa msichana tu, hata miaka thelathini alikuwa hajaikaribia.

Mimi ni wa mkono wa kushoto. Nyumbani bibi alikuwa ananifunga kitambaa kwenye mkono huo ili nizoee wa kulia, maana kwa kushoto mtu huli wala hupokei kitu cha watu. Wiki za mwanzo shuleni tulikuwa tunaandika mchangani kwa kidole, kabla ya kupewa madaftari. Nikawa naandika kwa kulia, herufi zinalala zote. Mwalimu S akaja akachuchumaa mbele yangu, akakifungua kile kitambaa, akakikunja, akanitilia mfukoni. Hakusema neno. Nikaandika "a" kwa kushoto, ikasimama.

Kesho yake bibi alifika shuleni na mkongojo wake, anagomba tangu getini. Mwalimu alimsikiliza mpaka akamaliza, kisha akamwambia: "Bibi, ale kwa kulia. Kuandika aniachie mimi." Shangazi, mpaka leo nakula kwa kulia na kuandika naandika kwa kushoto.

Sasa, tuna grupu la WhatsApp la tuliomaliza la saba mwaka 2000. Tuko 43. Mwaka jana, Siku ya Walimu Duniani, tarehe 5 Oktoba, mwenzetu mmoja aliweka picha ya zamani ya walimu wetu wamepanga mstari mbele ya ofisi, na hapo ndipo likazaliwa wazo la sherehe ya kuwashukuru. Itafanyika Desemba, palepale shuleni. Walimu sita. Kila mmoja atapewa mabati, doti ya kitenge, na cheti cha shukrani kwenye fremu. Mimi ni mweka hazina, na kwa kuwa wanajua kazi yangu wakaniongezea jukumu la kukusanya majina kamili ya walimu, yale matatu, ili yachapwe kwenye vyeti. Watano niliwapata ndani ya wiki mbili. Mwalimu S hakuna aliyejua alipo.

Mwezi uliopita nilikuwa sokoni Dodoma mjini. Nikaona kipande cha boksi kimechomekwa kwenye kiroba: "Mlenda wa Kondoa, kikopo 1,000." Nilisimama. Ule mwandiko naujua, kwa sababu ni wangu. K yenye mkia, herufi zote zimesimama sawa kama zimepangwa kwenye mstari, na mstari wenyewe haupo. Mara ya mwisho kuuona ubaoni ilikuwa Oktoba 1999, tukiwa la sita, alipokufa Mwalimu Nyerere. Yeye ndiye alikuwa mwalimu wa zamu. Alishindwa kututangazia, akaandika tarehe ubaoni, akatoka nje.

Nikasema, "Shikamoo Mwalimu." Muuzaji wa jirani akacheka: "Mwalimu gani tena, dada?" Akamtaja kwa jina ambalo sijawahi kulisikia. Yeye akanitazama, akautazama mkono ulioshika pochi. Akasema, "Kushoto."

Alinikalisha kwenye gunia la karanga. Tukaongea kwa sauti ya chini. Aliondoka kazini mwaka 2017, kwenye uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma. Maneno yake nayakumbuka yote: "Cheti cha kidato cha nne kilikuwa cha dada yangu, mtoto wa mama mkubwa. Chuo cha ualimu nilikaa mwenyewe miaka miwili. Ubaoni nilisimama mwenyewe miaka 25." Akaniuliza nafanya kazi gani, nikamwambia niko serikalini. Nilipoinuka akanijazia mlenda vikopo vitatu, hela akakataa. Halafu akasema: "Usiwaambie wenzio umeniona. Yule mwalimu wenu hayupo tena."

Shangazi, mwaka 2017 orodha ya ofisi yetu iliposhuka, mimi ndiye niliyekuwa nawaita watu mmoja mmoja na kuwapa barua. Walikuwa kumi na mmoja. Kulikuwa na nesi mtu mzima, akaniuliza, "Mwanangu, nikale wapi sasa?" Nikamjibu, "Ungefikiria kabla." Usiku ule nililala vizuri kabisa.

Sasa kwenye grupu tetesi zimefika. Mmoja ameandika: "Kumbe Mwalimu S alikuwa wa vyeti feki! Sasa cheti chetu tutamkabidhije?" na vikatuni vya kucheka. Wengine wakamjia juu, wengine wakasema atolewe tu kwenye orodha tusije tukaingia matatizoni. Nilipoulizwa nimefikia wapi, nikaandika, "Bado naendelea kumtafuta." Nimedanganya watu 42. Mchapaji anataka majina mwisho wa mwezi. Nikiandika jina tulilolijua, ni la dada yake. Nikiandika lake la kweli, hakuna atakayejua ni nani, na siri nitakuwa nimeitoa. Mume wangu anasema, "Mwenyewe kaomba aachwe. Mwache." Lakini nikimwacha nahisi ninamfungia mlango mara ya pili. Nifanyeje?

Wa Mkono wa Kushoto, Dodoma

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na bibi yako, Mungu amrehemu kama ametangulia. Yeye na mwalimu wako walimaliza mgogoro kwa sentensi mbili, ale kwa kulia, aandike kwa kushoto, kila mtu akaondoka na heshima yake. Nimekaa kwenye vikao vya ukoo vya siku tatu ambavyo havikufika hapo. Nakisema kisa hiki kwanza kwa sababu kinanionyesha huyu mwalimu ni mtu wa namna gani: anajua kumpa kila mwenye haki kipande chake. Kikumbuke unapowaza la kufanya juu yake.

Umeniuliza jina gani liandikwe kwenye cheti. Nimeisoma barua yako nikaona swali hilo ndilo jepesi kuliko yote uliyoyabeba. Kuna neno ulilopewa kwenye gunia la karanga, ukaondoka nalo. Kuna uongo uliouandika kwenye grupu, mdogo, lakini wewe ni mweka hazina na mweka hazina hana uongo mdogo. Na kuna wale kumi na mmoja, ambao umewapa aya moja fupi katikati ya barua kama mtu anayepita uani kwa watu usiku. Nitawarudia.

Tuanze na lile neno. "Usiwaambie wenzio umeniona." Hujaniambia ulimjibu nini. Ulisema "sawa Mwalimu"? Uliinama tu ukabeba mlenda wako? Naliuliza kwa sababu ahadi na ombi si kitu kimoja, ingawa kwetu maneno ya watu wawili waliokaa pembeni huwa amana hata pasipo kuapa. Na kama ni amana, ni vizuri kujua mipaka yake. Amekataza wasijue alipo? Wasijue jina lake la sasa? Wasijue anauza mlenda? Au wasijue chochote kabisa, hata kwamba yu hai?

Wewe umechukulia kwamba anajificha kwa aibu. Hukuliandika neno hilo, ila liko nyuma ya barua yote, mpaka kwenye kusema unamfungia mlango. Mimi aibu ya biashara siioni. Mtu anayeona haya hapangi herufi zake zikasimama vile kwenye boksi, mbele ya soko zima. Yaweza kuwa ni woga. Wewe unakumbuka kuliko mimi mambo yalivyokuwa: ripoti ya uhakiki ilisomwa hapohapo Dodoma tarehe 28 Aprili 2017, majina 9,932, na waliotajwa wakaambiwa waondoke wenyewe kabla ya tarehe 15 Mei, atakayebaki afikishwe mahakamani. Kwenye makaratasi tarehe ile imepita zamani, kifuani mwa mtu inaweza kuwa haijapita. Pengine anamwogopea dada yake. Kile cheti kina mwenyewe. Kama yu hai, kama alikitoa kwa hiari, siri hii ni ya watu wawili na mmoja wao hujawahi kumwona. Au pengine si woga wala aibu, ni kwamba amechoka. Miaka 25 ameitikia jina la mtu mwingine, sasa amerudi kwenye lake, la kuzaliwa nalo, majirani wanamwitia hilo na anaitika bila kushtuka. Akisema "yule mwalimu wenu hayupo tena" inawezekana hajinung'unikii. Inawezekana anakupa taarifa.

Ni lipi kati ya hayo? Mimi sijui, na wewe, samahani, hujui pia. Mmeonana mara moja, kwa sauti ya chini.

Huyu mwenzenu wa vikatuni vya kucheka tusimtupe nje haraka. Nyuma ya utani wake kuna jambo. Wapo vijana waliokuwa na vyeti vyao halali wakakaa nyumbani bila kazi, na nafasi ilikuwa na mtu. Wapo wagonjwa wenye haki ya kujua anayewachoma sindano amesomea. Sitaki, kwa kumpenda mwalimu wako, tukaanza kusema uhakiki ule ulikuwa uonevu mtupu. Wala wewe usijilazimishe kuchagua kwamba ama Mwalimu S alikuwa mwema na orodha ilikosea, ama orodha ilikuwa sahihi na wema wake ulikuwa wa bandia. Aliingia kwa cheti cha dada yake. Alikufungua kitambaa. Yote mawili alifanya mtu mmoja.

Waliosoma miaka ile wanajua majina yalivyokuwa yanatembea. Nafasi za sekondari zilikuwa chache mno, mtoto akifeli la saba anapelekwa kwa mjomba wilaya nyingine, anarudia darasa kwa jina la mtoto aliyeacha shule, na jina lile linamfuata mpaka kazini, mpaka benki. Mpaka leo kuna misiba ambayo wasifu wa marehemu ukisomwa, nusu ya waombolezaji wanageukiana kuulizana anasomwa nani. Kusema hivyo si kuhalalisha. Nakukumbusha tu kwamba kati yenu 43, kama sivyo nyinyi, basi wazazi wenu, kaka zenu, wapo ambao wamenyamaza kwenye mjadala ule kwa sababu zao. Kosa la cheti lina wa kulidai, ndiyo serikali, nayo ilishadai: ilichukua kazi, ikachukua mshahara, ikachukua na pensheni iliyokuwa njiani. Grupu la Darasa la 2000 linadai nini zaidi?

Haya, njia zilizopo. Unaweza kuwaambia. Naelewa tamaa ya kufanya hivyo, maana nusu yao watalia na mchango utapanda mara mbili usiku uleule. Ila watu 43 si watu 43. Ni simu 43, kila moja na mwenye kuiazima. Kufikia Jumamosi watu ishirini watakuwa sokoni na fulana za kufanana, mmoja anapiga picha mnato, mwingine video, na yule jirani wa karanga anajifunza kwa mara ya kwanza jirani yake alikuwa nani. Nimehudhuria hizi sherehe za kuenzi walimu. Ni nzuri, sisemi, lakini nimemwona mzee wa miaka sabini na kitu amesimama juani saa nzima ameshikilia bati, anasubiri mshereheshaji amalize mizaha yake. Upendo wa wengi una kelele, na mtu aliyeomba asionekane ndiye anayeumizwa nao kwanza.

Unaweza kunyamaza, kama asemavyo mume wako. Usimwone mume wako kama mtu asiyejali. Amesikia maneno ya mwalimu kama yalivyosemwa, bila ya kitambaa na mkono wa kushoto kumziba masikio, na huenda ndiyo sababu ameyasikia vizuri. Ugumu wa kunyamaza uko kwingine. Siku hoja ya kumtoa kwenye orodha itakapopita, kimya chako kitahesabiwa kura. Halafu Desemba utasimama pale, usome mapato na matumizi, waitwe walimu watano, na wewe peke yako ndiye utakayejua wa sita yuko wapi saa ile na kikopo chake. Utaweza? Wengine wanaweza, na si watu wabaya.

Kati ya kusema yote na kutosema lolote kuna nafasi, ingawa ni nyembamba. Unaweza kumtetea bila kusema umemwona: "Mimi nilikuwepo 1994, alitufundisha," basi. Unaweza pia kuufuta ule uongo kwa kusema amepatikana, ni mzima, na ameomba asitafutwe. Ni kweli tupu. Hatari yake unaijua: watakubana, na kwa kazi yako atatokea wa kudhani umechungulia faili la mtu. Hata hivyo hilo la pili usiliandike kabla hujazungumza naye, maana "amepatikana" tayari ni sehemu ya alilokukataza.

Ndiyo, kuzungumza naye tena. Moyo wangu unaelemea huko, nakiri, ila sikuamrishi, kwa sababu kurudi nako kuna namna ya kukosea. Ukirudi na mpango mkononi, bajeti, tarehe, rangi ya fremu, utakuwa umekwenda kumshawishi, na yeye atabaki anajitetea kwenye biashara yake mwenyewe. Ukirudi na swali moja, "Mwalimu, wenzangu wanakutafuta, niwajibu nini?", umempa chaki ashike yeye. Anaweza kukwambia waambie nimekufa. Anaweza kukwambia andika jina la dada, ndilo mnalolijua, ashukuriwe naye. Anaweza kukasirika kwamba umerudia. Jiulize kabla hujapanda daladala kama uko tayari kwa kila moja ya hayo, hasa la kwanza.

Na hivi, kwa nini cheti? Nawauliza nyote. Huyu mama amepoteza kazi ya miaka 25 kwa sababu ya karatasi yenye jina. Kumpelekea karatasi nyingine yenye jina, hata lingekuwa sahihi herufi kwa herufi, ni kumrudisha mezani kwa afisa utumishi. Wale watano watafurahia vyeti vyao, watavitundika sebuleni. Lakini mngeweza, kwa mfano, kuwaandikia walimu wote sita barua kwa mkono, kila mwanafunzi ukurasa wake, zikafungwa pamoja. Kwa mkono, maana umesema mwandiko wako ni wake, na sidhani kwamba uko peke yako. Zake hazihitaji jina juu ya bahasha, inatosha "Mwalimu wetu wa darasa la kwanza". Hakuna atakayeuliza kwa nini huyu kapewa tofauti, kwa kuwa wote wamepewa sawa. Wazo hili nalo lina matundu: nusu ya watu hawataandika, wataahidi, halafu watakutumia ujumbe wa sauti wa dakika nane. Na barua zikikaa kwako atatokea wa kuuliza zitamfikiaje mtu ambaye hajapatikana. Litazame tu.

Kuna jambo jingine unalolijua wewe kuliko mimi. Mwaka 2022 Rais Samia aliridhia walioondolewa kwa vyeti warudishiwe michango yao waliyokatwa kwenye mshahara, ile asilimia tano yao wenyewe. Je, Mwalimu S alifuatilia? Alipata? Wapo walioogopa hata kwenda kuuliza, wakidhani ni mtego. Kumweleza mtu utaratibu, fomu gani, dirisha gani, ni shukrani pia, na haina fremu. Ila sikiliza: usiguse faili lake, usimpigie simu mwenzako wa halmashauri ile "kuangalia tu". Ukiingia kwa mlango huo utakuwa umemfanyia kwa wema jambo lile lile analoliogopa, mtu wa ofisini kufunua jina lake bila idhini. Tena, inawezekana alishalipwa zamani na hela ndiyo iliyonunua viroba vile. Usimwokoe mtu ambaye hajazama.

Nilikuahidi kuwarudia wale kumi na mmoja.

Mwanangu, orodha hukuitengeneza wewe. Ulikuwa na miaka kama 30, umekabidhiwa barua, ukazigawa, na usingezigawa wewe angegawa mwingine. Hilo sikulaumu na wala sidhani linakutesa. Kinachokutesa ni maneno mawili uliyomjibu nesi, ambayo hayakuwa kwenye barua ya serikali. Hayo yalikuwa yako. Umeyabeba miaka yote hii bila kujua unayabeba, mpaka ulipoona mwandiko kwenye boksi. Na hapa nina wasiwasi nawe kidogo, niseme taratibu: naogopa kwamba unataka Mwalimu S apokee pole ambayo ni ya yule nesi. Ukimpa mabati, kitenge, cheti, shangwe, utatoka pale mwepesi, naye hatajua kwamba sehemu ya mzigo ule haikuwa yake. Kwa nesi huenda huwezi kufika tena, au huenda unaweza. Wewe ndiye unayejua.

Na nimeona jambo dogo kwenye barua yako. Mwalimu alikuuliza unafanya kazi gani, wewe ukamjibu "niko serikalini". Yeye alikuwa amekwambia cheti kilikuwa cha nani, chuo alikaa nani, ubaoni alisimama nani. Wewe ulimwambia serikalini. Sisemi ulimdanganya, pale sokoni na mimi ningesema hivyohivyo. Lakini yeye anajua alimwonyesha siri yake mwanafunzi wa mkono wa kushoto. Hajui kwamba kwenye gunia lile alikaa pia msichana aliyekuwa na barua kumi na moja. Kabla ya kumwomba akuruhusu chochote juu ya jina lake, pengine ana haki ya kujua analiomba nani. Ukimwambia, anaweza kukufungia kabisa, na utakuwa umempoteza mara mbili. Anaweza pia kukutazama tu kama alivyotazama kitambaa kile. Siwezi kukuhakikishia lipi. Usipomwambia, mtaendelea vizuri, salama, na kila akikuita "mwanangu" kitakukwama kitu kooni.

Mchapaji mwambie achape vitano, cha sita kitakuja kama kitakuja. Fremu haziozi. Grupu nalo lina kawaida ya kusahau ugomvi kila mwisho wa mwezi mchango ukiitishwa, kwa hiyo muda unao zaidi ya unavyodhani.

Ukiamua kurudi sokoni, nenda siku ya kazi, asubuhi, watu wakiwa wachache. Na beba hela ndogondogo. Vile vikopo vitatu vya mwanzo alikupa kama mwalimu. Safari hii nunua, na ulipe.

Shangazi